Kijiko cha Saba

Leo nimepanda tena ngazi themanini na nne.
Lifti ilikufa zamani, kama mengi humu Gyumri,
na theluji imeingia hadi ghorofa ya tatu
pale dirisha lilipovunjika na hakuna wa kujali.
Mkononi sufuria, nimeifunga kwa shali ya marehemu mama:
supu ya mtindi na ngano, na mnanaa mkavu juu yake.

Mungu, tuelewane kabla sijabisha hodi.
Simpendi.
Usije ukaniandikia thawabu isiyo yangu.

Huyu Hmayak, alalaye upande mmoja kama gunia lililotoboka,
ndiye aliyekabidhiwa saruji ya kujengea shule yetu.
Nusu akaiuza, pengo akalijaza mchanga wa mtoni.
Ardhi ilipotikisika asubuhi ile, dakika haikutimia,
kuta zikaukumbuka mto.
Varuzhan wangu alikuwa darasa la pili.
Nilimtambua kwa glavu. Ya kushoto nilikuwa nimeitia kiraka
kwa uzi wa kijani; mwekundu sikuupata.

Alifungwa miaka sita. Akatoka. Akasimama nyuma yangu
kwenye foleni ya mkate, kofia mkononi.
Miaka ishirini nilivuka barabara nikimwona.
Miaka ishirini nilisali, "utusamehe makosa yetu,"
kisha nikafunga mdomo, nikawaacha wenzangu
wamalizie sentensi.

Halafu kiharusi. Mwanawe yuko Marseille, hapokei simu.
Knarik, muuguzi wa mtaa, akapita mlango kwa mlango:
nani atamlisha mchana? Watu wakatazama viatu vyao.
Nikasikia sauti ikisema, "Mimi."
Nilidhani ni jirani.

Padri Ghevond anahubiri kwamba rehema yako ni theluji,
huangukia paa la mwema na paa la mwovu.
Vizuri. Lakini theluji haibebi sufuria.
Haipandi ngazi kwa magoti haya.
Haimfuti mtu mate kidevuni, haigeuzi shuka
huku imebana pumzi.
Hapo ndipo unaponituma mimi, siyo?
Mji mzima, umekosa mwingine?

Kijiko cha kwanza humwagika daima.
Cha pili namlaumu kimoyomoyo.
Cha tatu nahesabu mifuko: mia nne, mia tano,
bei yake wakati ule, koti alilomnunulia mkewe.
Cha nne anapaliwa,
na mkono wangu, bila kuniuliza,
unampigapiga mgongoni, polepole,
kama nilivyompiga mtoto ili acheue maziwa.
Mkono huu sijui ni wa nani.
Ukiwa ni wako, basi unautia ukurutu kwa sabuni zako.

Leo, kwenye kijiko cha saba, akafunga mdomo.
Ulimi ukahangaika kama mtu atafutaye funguo gizani.
"Va," akasema. "Va... ru..."

Jina hilo, tangu baba yake afe,
hutamkwa na mimi tu, bafuni, bomba likiwa wazi.

Sikujibu. Nilikaa. Supu ikapoa, ikafanya utando.
Nilitaka kumzaba kibao.
Nilitaka alirudie.
Yote mawili kwa pamoja, Mungu; andika hivyohivyo,
usinirembe.

Machozi yake yalitoka jicho moja, lile zima.
La pili lilitazama dari tu, kavu,
kama shahidi aliyechoka kuulizwa.

Kisha nikainuka, nikawasha jiko, nikaipasha supu.
Cha nane alikimeza. Na cha tisa.

Nilipokuwa namfunika niliugusa mkono wake wa kushoto,
ule uliokufa. Baridi kama nondo.
Ngazi themanini na nne kushuka, nikishika ukuta,
nikiwaza kwamba nyumbani, kwenye kopo la vifungo,
umebaki uzi wa kijani.
Sijaahidi kitu.
Nasema tu kwamba umebaki.